Baba, Utani Huo Unaumiza

Baba ni fundi cherehani. Anashonea sebuleni, mlango wazi. Mama anapiga pasi. Binti yao akitoka shule anashona vifungo.

Mtaani wamehamia watu wa rangi nyingine. Nao wanavaa nguo, kwa hiyo wanakuja kupimwa. Baba anawachangamkia vizuri tu. Wakishatoka, anamrushia mama futi yake ya kupimia.

"Osha, mke wangu, rangi isije ikatuambukiza!"

Mama anailoweka kwenye bakuli la maji. Wanacheka wote. Binti naye alikuwa akicheka, lakini siku hizi kicheko kimemkauka.

Sababu ni rafiki yake wa dawati moja, ambaye ni wa rangi hiyo hiyo. Jumamosi anakuja kupimwa sare. Jamani, binti hali, halali. Rafiki akisikia je? Si urafiki ndio basi?

Binti akaenda kwa jirani yao, nesi, akamkuta anaanika nguo.

"Shangazi, nikimwambia baba atanifokea."

"Huenda. Ila usimwambie mbele za watu, wala usimwite mbaguzi. Ukimtukana atajitetea tu. Taja neno alilosema, useme linamuumiza nani. Ukiogopa, sema unaogopa."

"Na akikasirika?"

"Mwache apoe. Akikushinda njoo, twende wote."

Ijumaa baba alikuwa peke yake, anatia cherehani mafuta. Binti alisimama mlangoni.

"Baba, naogopa, lakini nasema. Ile 'osha futi' inamtukana rafiki yangu. Inaniumiza na mimi."

"Aa, utani tu huo!"

"Kwenye utani, hata anayetaniwa hucheka, baba. Yeye angecheka?"

"Mtoto wa juzi unanifundisha adabu nyumbani kwangu? Toka!"

Alitoka analia.

Jumamosi rafiki akaja. Baba akampima mabega, kifua, kiuno, jicho likimwendea binti yake. Binti alishika sindano tu, hashoni. Mara mama, mazoea yana tabu, akatokea na bakuli la maji.

"La nini hilo, mama?" rafiki akauliza.

Baba akavua miwani.

"La ujinga wangu, mwanangu. Nikishampima mtu wa kwenu, nasema futi ioshwe, tunacheka. Ni vibaya. Nisamehe. Sirudii tena."

Rafiki alitazama chini.

"Nilijua, baba. Siku ulipompima mama yangu tulikuwa bado hapo nje. Tulisikia."

"Na bado umekuja?"

"Mama alinikataza. Nimekuja nione kama rafiki yangu naye hucheka."

Binti alilia waziwazi. "Nilikuwa nacheka. Sasa sicheki."

"Nimeona," rafiki akasema, akamshika mkono.

Jioni ile baba alivaa viatu, akamwita binti yake.

"Nipeleke kwao. Mama yake sijamwomba radhi."