Bingwa Aliyeonekana Anawaza

Inspekta ndiye aliyekuwa mjinga siku ile, na hakukataa. Alikwenda kwenye fainali ya sataranji kupumzisha miguu, akamnong'oneza jirani yake: "Mtazame Bingwa anavyowaza! Hata macho hayainui kutoka ubaoni."

Bingwa hakuwa anawaza. Alikuwa amepoteza fahamu, kidevu kiganjani. Na kwa kuwa mchezaji mwenye zamu hasemeshwi, ukumbi mzima ulimheshimu mpaka muda wake wa kucheza ukaisha. Mwamuzi alipompa mpinzani ushindi, Bingwa akaporomoka na kiti chake.

Kesho yake maabara ikajibu: dawa za usingizi kwenye chupa ya kahawa, kiasi cha kulaza ng'ombe. Bingwa alikuwa hospitalini, bado amefumba macho.

Inspekta, mwenyewe hajalala, akamwita mpinzani. Alikuwa mpwa wa Bingwa. Mjomba ndiye aliyemfundisha mchezo, na ndiye aliyemshinda kila fainali. Mtaani walimwita Nambari Mbili.

"Nani aligusa chupa?"

"Kahawa aliipika mama, afande. Muulize yeye."

"Unamtupia mama yako! Haya, mjomba alipotulia vile, wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nawaza, kama mchezaji yeyote."

Inspekta akapiga miayo, akapanga kete ubaoni kama zilivyoachwa kwenye fainali.

"Mjomba angesogeza farasi huyu, ungejibu nini?"

Mpwa akaishika kete, akairudisha.

"Na ngome je?"

Nambari Mbili akaukodolea ubao macho kama mgeni aliyepotea njia.

"Muda wote ule unawaza, huna hata jibu moja? Ndugu yangu, hukuwaza kwa sababu ulijua mkono ule hautasogea."

Mtuhumiwa akashusha pumzi. "Nimechoka, afande. Nimeota mvi nikiwa wa pili. Wageni wakija, mama huwaambia: huyu ndiye anayeshindwa na kaka yangu. Mjomba alipokwenda msalani, nikatia vidonge. Nilitaka asinzie tu, nami nishinde walau mara moja."

Jioni Bingwa akafumbua macho. Inspekta akampeleka mpwa kitandani pake, pingu mikononi.

"Nisamehe, mjomba. Lakini ukiwa macho hushindiki. Ningefanyaje?"

Mzee akamtazama kwa uchovu.

"Ungeutazama ubao. Nilikuwa nimeshashindwa, vidonge vyako ndivyo vilivyonizuia kukupa mkono wa kukubali."