Fuwele za Kijani

Asubuhi ya maabara, dirisha la stoo ya kemikali ni vurugu tupu. Makoti meupe yanasukumana, kila mtu anataka chumvi ya kobalti kabla haijaisha. Hapo ndipo Twiga, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mrefu kama jina lake, alipokanyagwa.

"Dada, hicho ni kidole changu."

"Pole, kaka. Kumbe na huku chini umefika?"

Koti la msichana lilikuwa na madoa ya kila rangi, na miwani ya maabara ameipandisha juu ya nywele zilizosukwa zikasukika. Hata kantini huivaa hivyo, ndiyo maana wenzake walimwita Miwani. Mtunza stoo akasema kobalti imebaki chupa moja, washirikiane, akafunga dirisha. Twiga hakulalamika hata kidogo.

Tangu siku hiyo mchana walifanya kazi meza moja, jioni simu haikubanduka sikioni.

"Umelala, mpenzi?"

"Nimelala fofofo. Ndiyo maana nimepokea."

Siku fuwele za ile kobalti zilipotokea, wote wawili waliinamia chombo. Ndani ya maji mazito ya kiza vilikuwa vimejitunga vibamba vya kijani, kingo zimenyooka, vinameta, na hakuna mkono uliovichonga.

"Nani kazipanga hivi?" Miwani akanong'ona.

Twiga alitakiwa kuzikabidhi kwa mhadhiri kesho yake saa kumi, la sivyo arudie mwaka. Akatoka kufuata barafu. Miwani, kwa kutaka kumsaidia, akaanza kuziosha kwenye chujio. Badala ya alkoholi akashika chupa ya maji. Fuwele zote zikayeyuka, zikapita kwenye karatasi, zikadondokea kwenye chupa ya chini zikiwa maji ya rangi.

"Hata wa mwaka wa kwanza wanajua hizi haziguswi na maji," Twiga alisema aliporudi. "Mjinga ni mimi niliyekuamini."

Miwani alichukua ile chupa ya maji ya rangi, akaondoka machozi yakimlengalenga. Jioni Twiga alipiga simu kuomba radhi, haikupokelewa. Alishangaa kuona kwamba kupoteza mwaka wa masomo hakumuumi kama simu ile isiyopokelewa.

Kesho yake asubuhi simu ikalia.

"Njoo maabara. Usiniulize kitu."

Alimkuta ameweka yale maji kwenye bakuli la kauri, juu ya mvuke. Yalikuwa yanakauka taratibu. Ukingoni ukajitokeza utando wa zambarau, ukatambaa kuelekea katikati, mpaka bakuli zima likang'aa rangi hiyo. Twiga akasogeza uso karibu.

"Umeongeza nini?"

"Sijaongeza kitu. Kobalti ni ileile, klorini ni ileile. Zimebadili mkao tu."

"Miaka yote nayasoma haya," Twiga akasema polepole, "sikujua yako hivi."

"Na mimi yalipoanza kugeuka rangi niliogopa. Nikaona siwezi kuyatazama peke yangu." Miwani akafuta jicho kwa mkono wa koti. "Kijani tutakirudisha kwa asidi, muda upo. Lakini uliniumiza. Ulisema 'niliyekuamini', kama vile imekwisha."

"Haijaisha. Nisamehe, mpenzi. Sasa hivi nina hofu mbili tu: mhadhiri, na wewe kuondoka."

"Mhadhiri tutammaliza kabla ya saa kumi."

"Na ya pili?"

"Ya pili njoo uiseme nyumbani, mbele ya baba."

Twiga akatafuta kiti.