Nusu Nyingine ya Kiwanja

Saa saba mchana chumba kiligeuka tanuri. Bati lilikuwa likialika juu ya vichwa vyao. Mshonaji alisimamisha cherehani, akachovya kitambaa kwenye beseni, akampangusa mama mkwe wake usoni na shingoni. Ndivyo walivyoishi tangu wapange chumba hicho. Kilikuwa na dirisha moja tu, nalo lilitazamana na ukuta.

Siku hiyo bibi hakuitikia. Macho yalimgeuka, akateleza kutoka kitini.

"Ni joto," muuguzi wa zahanati alisema. "Akiendelea kukaa mle ndani mchana, mtamrudisha hapa."

Jioni mume wa mshonaji, dereva wa lori, alikata shauri. "Tujenge. Kiwanja tunacho. Fundi nimempata, mwanamama. Anachora ramani na kujenga mwenyewe."

"Umempata wapi?"

"Kazini. Nilimbebea mawe."

"Mtu wa kukutana naye barabarani ndiye tumkabidhi kiwanja?"

Mtaani mshonaji huyo walimwita Mama Hakiki. Futi ya muuza vitambaa aliipima kwa futi yake mwenyewe. Hakuzaliwa hivyo. Fundi wao wa kwanza alitoweka na saruji yao yote, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Fundi mpya alifika na mzigo wa vigingi. Hakuchimba. Alikaa kiwanjani asubuhi, mchana na jioni, akitazama vivuli. Kisha akachomeka vigingi, lakini kwenye nusu ya kiwanja tu.

Mama Hakiki alivihesabu. "Na nusu nyingine ni ya nani?"

"Yenu, dada. Ya bustani, miti na njia ya upepo. Wewe ulitaka vyumba vingapi?"

"Vitano, kama watu."

"Mko wangapi?"

"Watatu."

"Basi vilivyobaki mtafugia panya."

Dereva alicheka. Mkewe hakucheka. "Na mwarobaini ule, utaukata lini?"

"Siukati. Uko magharibi. Utazuia jua la jioni."

Maneno matamu hayo, Mama Hakiki aliwaza. Ndiyo yanayomtoa nyoka pangoni.

Kesho yake alipita kiwanjani bila taarifa. Akamkuta fundi kwenye ua, anaongea na jirani kwa sauti ya chini. Jirani huyohuyo aliyewahi kuomba auziwe kiwanja! Mkono wa jirani ulinyooka kuelekea ile nusu isiyo na vigingi. Mama Hakiki akawavamia.

"Mnagawana?"

Fundi akamkabidhi daftari lake. "Soma, dada. Nilikuwa namuuliza upepo unatoka wapi, na maji ya mvua yanasimama wapi. Yeye ameishi hapa miaka ishirini. Mimi nimefika juzi."

Mama Hakiki alifunua ukurasa mmoja mmoja. Aliona mishale ya upepo, mistari ya vivuli, na duara palipoandikwa "hapa maji hutuama, msijenge". Akarudisha daftari. Lakini imani yake hakuitoa.

Kisha yakaja matofali. Fundi alichimba udongo wa palepale, akauchekecha, akachanganya na saruji kidogo, akaushindilia kwa mashine ya mkono.

"Hamyachomi?"

"Hatuchomi. Tanuri linakula miti. Tunayafunika na kuyanyunyizia maji wiki nzima, halafu tunayaacha yakomae mpaka mwezi utimie."

"Mvua ya kwanza tu, tutalala kwenye uji!"

Mwezi ulipotimia, Mama Hakiki alificha tofali moja kikapuni. Nyumbani akalizamisha kwenye beseni. Usiku mzima alisubiri tope. Asubuhi akaingiza mkono. Pembe za tofali zilikuwa kali vilevile. Akalitoa, akaliparua kwa ncha ya mkasi. Mkasi ulilia tu.

Bado hakuridhika. "Nioneshe nyumba uliyojenga."

Fundi alimwelekeza. "Nenda peke yako, dada. Saa chagua mwenyewe."

Alichagua saa saba. Asubuhi nyumba yoyote inaweza kukudanganya, lakini si saa saba. Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, alimfungulia mlango. Ubaridi ulimpokea kizingitini kama maji ya mtungi. Mama Hakiki alitazama darini. Akachungulia nyuma ya pazia.

"Umepoteza kitu, mama?"

"Feni liko wapi?"

"Sina feni."

Aliporudi alimwita fundi na, kwa mara ya kwanza, akamvutia kiti. "Nieleze polepole. Umefanyaje?"

"Kuta ndefu zinatazama kaskazini na kusini, kwa hiyo jua la asubuhi na la jioni linagonga kuta fupi tu. Madirisha yanatazamana, upepo uingie huku utokee kule. Joto hupanda, nalo lina matundu yake chini ya paa. Upenu mpana unafunika ukuta, jua lisiuchome na mvua isiulowanishe. Na nyumba ndogo ina kuta chache za kupata moto."

"Na maji ya paa?"

"Mfereji, mpaka kwenye tangi. Bustani itakunywa hayo."

"Haya," Mama Hakiki alisema. "Jenga. Lakini nitakuwepo."

Na kweli alikuwepo. Kila tofali lilipita mbele ya macho yake. Msingi wa mawe ulipoinuliwa kutoka ardhini, aliupima mara mbili. Alimkuta kibarua ameanza kuziba matundu ya chini ya paa, akamshusha ngazini yeye mwenyewe.

Walihamia kabla ya mvua. Vyumba vitatu na baraza pana. Cherehani ilikaa barazani, na bibi pembeni yake akishona vifungo. Mvua ikaja ikapita, kuta zikabaki. Kiangazi kilipowaka, bibi alilala mchana bila kitambaa cha maji.

Ndipo akatokea mkaguzi wa umeme. Aliingia, akasita, akatazama mita.

"Nyumba baridi hivi, na mita inatambaa kama konokono! Mashine ya baridi mmeiunganisha wapi, nje ya mita?"

"Tafuta," Mama Hakiki alisema.

Mkaguzi akazunguka nyumba. Akachungulia nyuma ya tangi. Akapanda ngazi, akapapasa chini ya paa. Alishuka na vumbi kichwani.

"Mwanangu," bibi alimwambia, "mwizi wetu anaingia dirisha hili, anatokea lile. Ukimweza, mfunge pingu."

Mkaguzi aliketi kwenye benchi la baraza, apumzike kidogo na kuandika taarifa yake. Upepo ulikuwa ukipita taratibu kutoka bustanini. Alipofika mstari wa pili, kalamu ikamdondoka. Alikuwa amesinzia.