Jina la Anayebaki

Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya milima Generose alipotoka kwake mtaa wa Nyamianda, termo ya uji mkono huu, mfuko wa kubebea gauni mkono ule. Angeweza kupanda pikipiki. Alitembea. Anayeogopa kufika hakosi sababu ya kutembea.

Alikuwa anaenda mtaa wa Kasenga kwa Marie-Rose, mshonaji. Huyo ndiye aliyepewa nguo zote za arusi ya Ornella, binti mkubwa wa Generose. Zote zilikuwa tayari isipokuwa gauni moja la bluu, la kuvaa kwenye fungate. Halafu miguu ya Marie-Rose ikagoma. Wiki moja baadaye, mkono wa kulia. Hospitalini walimpima damu, wakampima mgongo, wakasema hawaoni kitu.

Generose alijua wasichokijua.

Fungate hiyo Ornella na mchumba wake Lionel waliipanga kwenye daftari la shule: kwanza Bujumbura, kisha Kigoma, kisha Zanzibar. Lakini kila walipopanga, jambo lilizuka. Mara msiba kwa akina Lionel, mara likizo yake imekataliwa, mara pasipoti hazitoki. Ornella alilia mpaka akakonda. Generose hakuwa mtu wa waganga. Amelea watoto wanne peke yake, na hakuna hata mmoja aliyemlea kwa hirizi. Ila alikuwa amechoka. Mtu akamtajia mama mmoja anayeuza mchele kule Luberizi, naye akaenda kama anavyokwenda sokoni, kapu mkononi.

Yule mama hakuwa na pembe wala mafuvu. Alikuwa ameketi juu ya gunia akipepeta mchele, pumba zimejaa kwenye nywele. Alimsikiliza bila kuinua macho. Kisha akasema safari ni kamba. Wanaokwenda wanashika ncha moja. Ncha ya pili lazima ishikwe na mtu asiyetikisika.

"Nipe jina la muntu mwenye atabaki," alisema.

Generose alimpa la Marie-Rose, pamoja na kipande cha kitambaa kilichotoka mkononi mwa mshonaji huyo. Hakufikiri hata kwa muda wa kunywa maji. Alijiambia: yule hana mume, hana mtoto, mwaka mzima yuko kwenye mashini yake, haendi popote. Atapoteza nini?

Sasa kila alipoyakumbuka maneno hayo, masikio yalimwaka moto.

Kwa maana pasipoti zilitoka wiki ileile. Siku Lionel alipothibitisha chumba cha Bujumbura, Marie-Rose alishindwa kuinuka kwenye kiti. Chumba cha Kigoma kilithibitishwa Jumanne. Mkono ulikufa Jumanne.

Alipokaribia mlango, aliisikia.

Kr-kr-kr-kr...

Mashini ya kushona. Pedali ikienda mbio, sindano ikitafuna kitambaa. Generose alisimama. Amepona. Mungu wangu, amepona, na mimi nimeponea hapo hapo. Akasukuma mlango.

Mashini ikanyamaza.

Marie-Rose alikuwa amelala kwenye godoro, upande wa pili wa chumba.

Gauni la bluu lilikuwa chini ya sindano, pindo limekwisha. Kwenye kiti cha mshonaji kulikuwa na pumba za mpunga. Chumba kizima kilinuka vumbi la kinu.

"Uji tena, Mama Ornella?" Marie-Rose alimtania. "Ukininenepesha, nani atanibeba?"

Generose alimmiminia kikombe. Aliuliza, sauti ikiwa chini, ni nani aliyekuwa anashona.

"Iko mama moja anakuyaka hapa kila mangaribi. Anashonaka mu nafasi yangu. Haongei mingi." Marie-Rose alishika kikombe kwa mkono wa kushoto, ule uliobaki. "Anaulizaka tu: batoto wamefika wapi?"

"Na weye unamujibu nini?"

"Namuambia bado wanapanga." Alikunywa kidogo. "Anasema weye unamufahamu."

Marie-Rose akaanza kuuliza habari za safari, kama alivyouliza kila siku, kwa furaha ya mtu anayesimuliwa sikukuu. Alitaka kujua meli ya Kigoma ina vitanda au hapana. Alikwisha kumwagiza Ornella mchanga wa Zanzibar, mkebe mmoja tu, aonje kama una chumvi kweli.

Simu ikalia.

Alikuwa Ornella, akicheka. Lionel amethibitisha Zanzibar, sasa hivi.

Kikombe kilianguka.

Uji ulitambaa kwenye mkeka. Marie-Rose aliutazama mkono wake wa kushoto ukiwa umelala kwenye shuka kama kitu cha mtu mwingine. Hakulia. Aliinua macho tu, akamtazama Generose.

Ornella hakuwa amemaliza. Wamepata kituo cha nne, Mombasa, siku tatu. Lionel ameshaweka kidole kwenye simu, wanangoja tu baraka ya mama. Na amwambie tantine Marie-Rose.

Kituo cha nne kitachukua nini? Miguu imekwisha. Mikono imekwisha. Kimebaki kinywa, na pumzi.

Yalihitajika maneno machache. Acheni Mombasa, mwanangu, nimefanya jambo baya. Generose alifungua mdomo. Akaziona sura za wakwe, na za akina mama wa kwaya. Akaiona sura ya Ornella. Na macho ya Marie-Rose yalikuwa pale pale.

"Réseau ni mbaya, sikusikii muzuri," alisema. "Ngoja kidogo."

Akaifunika simu kwa kiganja. Akaenda kwenye mashini kama anayechukua gauni, mgongo ameuelekeza kwa mgonjwa, akainama mpaka midomo yake ikakaribia gurudumu.

"Futa lile jina," alinong'ona. "Andika Generose. Minye ndiye nitabaki."

Gurudumu likazunguka mara moja. Polepole...

Likasimama.

"Mama, tuendelee?" Ornella aliuliza.

"Endeleeni."

Lilikuwa neno lake la mwisho.

Kabla ya asubuhi vidole vya Marie-Rose vilikuwa vinacheza. Siku ya arusi alikuja kwa miguu yake, na fimbo. Mganga wa hospitali alisema ni vitamini. Generose alipoitwa mbele kumbariki binti, alisimama mdomo wazi, hakikutoka kitu. Watu walisema furaha imemkata sauti. Wakapiga makofi.

Watoto waliondoka Jumatatu. Sasa kamba ilivutwa na safari yenyewe: walipovuka kuingia Bujumbura, miguu ya Generose ililala. Walipofika Kigoma, mkono wa kulia.

Jumamosi jioni Marie-Rose alikuja Nyamianda kurudisha termo. Aliirudisha imejaa uji. Akaketi kando ya kitanda, akamnywesha kwa kijiko, akampangusa kidevu.

"Siku zote zile nililala pale," alisema, "hakuna muntu alinikumbuka. Ila weye."

Hapo Generose aliona afadhali aibu ya dunia nzima kuliko shukrani ile. Kwa macho aliomba kalamu iliyokuwa juu ya meza. Marie-Rose akampa, akamshikia daftari. Kwa mkono wa kushoto, kwa herufi za mtoto wa darasa la kwanza, Generose akaandika: *Marie-Rose, ni minye nili*

Simu ililia kidogo. Picha: maji ya kijani, mchanga mweupe, Ornella ndani ya gauni la bluu.

Kalamu ikabingirika chini ya kitanda.

Marie-Rose hakuitazama karatasi. Aliichukua simu, akamsogezea usoni, akitabasamu. "Angalia, Mama Ornella. Wamefika."

Hewa ya chumba ilinuka pumba za mpunga. Jikoni, nyuma ya pazia, kitu kikaanza.

Kr-kr-kr-kr...

Marie-Rose aligeuza kichwa, akasikiliza.

"Kumbe na weye ulinunua mashini?"