Gundi na Spika ya Bibi

Nyumbani walimwita Gundi. Kandambili ikikatika, yeye gundi. Jalada la daftari likibanduka, yeye gundi. Kila alasiri akitoka shule alivua sare, akaosha vyombo, kisha akakimbilia kwa shangazi yake, fundi wa redio, kuokota vipande vya kuchezea.

Wiki ile alikuwa akiunda redio ya maonyesho ya shule. Ilikosa spika tu, akaazima ya redio ya bibi yake. "Ijumaa nitakurudishia, bibi, nzima kama ilivyo." Kisha, ili sanduku la redio yake lipendeze, akaigandisha kila mahali kwa gundi, spika ikiwa ndani. Skrubu aliona zinaharibu sura. Mwalimu wa sayansi akaisifu, akaichagua ishindane na za shule nyingine Jumatatu.

Ijumaa bibi akauliza, "Haya, spika yangu iko wapi? Nimechoka kukaa na redio bubu."

"Bado iko shule, bibi." Uongo mtupu! Ilikuwa mvunguni mwa kitanda chake. Aliona aibu kusema kwamba ameigandisha.

Jumamosi asubuhi akaibeba redio yake hadi kwa shangazi, akasema yote. Shangazi akachokoa kwa bisibisi huku na huku. "Mh! Hii uliijenga au uliizika? Haifunguki bila kuvunjwa. Chagua: sanduku au spika."

Machozi yalimtoka Gundi. "Spika ni ya bibi," akasema, akashika patasi mwenyewe. Sanduku likapasuka, spika ikatoka salama.

Akamrudishia bibi, akamwomba radhi kwa uongo wake. Bibi akaguna. "Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu ndiye huyu!" Kisha akacheka. "Kajenge upya. Nakuazima tena, ila Jumatatu jioni naitaka."

Jumatatu mwamuzi mmoja akauliza, "Na ikiharibika?" Gundi akachomoa bisibisi mfukoni, akafungua skrubu nne. Spika, betri na waya vikakaa mezani, kila kimoja peke yake, kizima. Sanduku lilikuwa na makovu, hivyo akapata nafasi ya pili. Jioni bibi alisikiliza taarifa ya habari, Gundi na shangazi wakiwa kando yake.

"Umeona?" shangazi akamwambia. "Ukiunda kitu, fikiria siku ya kukifungua. Kikifunguka, vipande vyake vitatumika tena. Kikigandishwa, chote kinaishia jalalani. Na ukiharibu, sema mapema, kabla uongo haujakauka."

"Basi mtaacha kuniita Gundi?"

"Aa, hilo limeshaganda," bibi akajibu, akaongeza sauti ya redio.