Mpaka Bilioni Saba

Vihesabuvivu elfu moja, mashine za kubahatisha namba, vilikuwa vikijaribu kufuli la chombo cha anga kilichotua Same asubuhi ile, kila kimoja namba milioni moja kwa sekunde. Ndani alikuwamo rubani Elifuraha, amezimia, na namba ya kufuli aliijua yeye peke yake. Ganda la chombo halikatiki. Hewa ilibaki ya dakika ishirini na tano.

Aliyevibuni ni mkewe, Mhandisi Nakijwa. Mashine za zamani zilitaka kwanza kuorodhesha namba zote trilioni moja. Kumbukumbu ikajaa, zikazima. Kihesabuvivu hakiorodheshi kitu. Kinaunda namba moja, kinaijaribu, kinaisahau, kinaunda inayofuata. Uvivu huo ulimpa Nakijwa nishani mbili na kiburi kidogo.

Dakika ya kumi na saba vyote vilimaliza. Kufuli halikufunguka.

"Rudia," alisema Nakijwa. Kukaa alishindwa.

"Mhandisi, tufikiri kwanza," alisema Shekidele, mwenzake wa miaka mingi. "Labda tumekosea sisi."

"Kufikiri kunachukua muda. Rudia."

Akazunguka chumba, akagusa kioo, akarudi, akazunguka tena. Ilikuwa dakika ya ishirini na nane, hewa imeshaisha, Shekidele alipoinua kichwa kutoka kwenye maagizo ya vihesabuvivu.

"Cha kwanza ulikiambia kihesabu mpaka wapi?"

"Mpaka bilioni moja. Cha pili kikaanzia bilioni moja na moja, mpaka bilioni mbili. Hivyo hivyo vyote."

"Mwanangu nikimwambia ahesabu mpaka kumi, kumi anaitaja. Hivi vikifika mpakani vinasimama. Hiyo kumi havigusi."

Nakijwa alikimbilia kwenye kibodi. Namba za mipakani hazikujaribiwa na chochote. Na mumewe, mtu wa kusahau hata tarehe ya harusi yao, angechagua nini kama si namba nyepesi, yenye ile saba aliyoipenda siku zote? Aliandika saba na masifuri tisa kwa mkono wake mwenyewe.

Mlango ulifunguka dakika ya thelathini na moja.

Wiki mbili baadaye Elifuraha alifumbua macho hospitalini. Nakijwa alimshika mkono, akalia bila kujificha, akamweleza yote: kwamba alikataa kufikiri, kwamba hewa iliisha yeye akiwa anarudia kosa lile lile kwa kasi. Elifuraha alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Pole sana, dada," alisema. "Na mke wangu, ameshaambiwa kwamba niko hapa?"