Mama, Nishuke?

Wateja walimwita Mama Pazia. Mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe, na huyu hakuwa na mwana wa kuitiwa. Alikuwa na mapazia. Mtoto wao mmoja alizaliwa, akalia kidogo, hakukaa. Tangu hapo yeye na mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, walifunga midomo juu ya jambo hilo, wakaishika kazi. Mama Pazia alikata na kushona. Fundi alipanda ngazi, akatoboa kuta za watu na kutundika.

Asubuhi hiyo ilikuwa ya kawaida kabisa. Chai mezani, majora ya vitambaa sakafuni, na ubishi uleule uliokuwa umewashinda kuumaliza: wanunue gari jipya au mtumba? Magari ya kukodi yalikuwa yamewachosha. Juzi tu walikuwa wamepakia mapazia meupe ya hoteli kwenye gari lililotoka kubeba mkaa, na kazi nzima ikarudi kufuliwa.

"Jipya," alisema Fundi. "Kipya kinyemi."

"Ingawa kidonda. Malizia methali, usiikate kama kitambaa."

"Gari la mtu lina siri za mtu, mke wangu. Hujui limebeba nini, limelia wapi."

"Na wewe je? Si nilikupata mtumba? Mwenzangu alikuchoka akakuacha, mimi nikakuokota, na mpaka leo unawaka bila kusukumwa."

Fundi alicheka mpaka chai ikampalia. Akicheka namna hiyo, ujue ameshashindwa.

Hata hivyo walikwenda kwanza kuliona jipya. Muuzaji mwenye tai alilifungua milango taratibu, kama anayefunua chombo cha bibi harusi. Viti vilikuwa bado na nailoni zake. Fundi alikaa kwenye usukani, akaushika kwa mikono miwili. Mama Pazia alimwacha aote, kisha akauliza mkopo wake ungekwisha lini. Jibu la muuzaji lilimtoa Fundi kitini bila kuvutwa.

Mchana wakaenda kuliona la mtumba. Alilitafuta Spana, makanika, mdogo wake Mama Pazia. Ilikuwa vani nyeupe, iliyofunikwa nyuma kwa bati, imeegeshwa uani kwa mtu mmoja mpole aliyesema maneno machache na kutazama chini. Spana aliingia uvunguni, akatoka na vumbi mgongoni, akafungua boneti, akasikiliza huku ameinamisha kichwa.

"Shemeji, hili gari limekaa tu," alimwambia Fundi. "Sikiliza injini. Inapumua kama mtoto aliyelala."

Bei ilikuwa ndogo mno. Fundi akamvuta mkewe pembeni. "Bei hii ina neno."

"Neno lake ni 'asante'," alijibu Mama Pazia.

Wanaume walipoingia ndani kuandikishana, yeye alibaki uani. Hapo ndipo mke wa yule muuzaji alipotoka. Alikuwa peku. Gauni lake alilivaa kinyume, mishono ikiwa nje, na jicho la mshonaji likaliona hilo kabla ya kuuona uso. Yule mwanamke hakusalimia. Aliweka kiganja kwenye mlango wa nyuma wa gari, akakiacha hapo, kisha akageuka.

"Una watoto?"

Swali hilo Mama Pazia alikuwa na jibu lake la watu, la haraka, la kupita. Siku hiyo halikuja.

"Nilikuwa naye. Hakukaa."

Mwanamke akamshika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha moto. "Basi wewe hasa usilinunue," akanong'ona. "Wewe utamjibu."

Mume akatoka mbio, akamzungushia mkono mabegani. "Mniwie radhi. Mke wangu ana huzuni." Akamrudisha ndani polepole, kama anayebeba bakuli lililojaa. Mama Pazia hakumwambia Fundi neno. Alikuwa ameshalipenda gari, na aliona haya kurudishwa nyuma na maneno ya mtu mwenye majonzi. Wakalinunua.

Biashara ikachangamka. Mapazia yakawa yanafika kwa wateja kama yalivyotoka kwenye pasi. Fundi, aliyelitaka jipya, akawa ndiye anayelifuta vumbi kila asubuhi na kuliimbia. Mpaka siku moja ya jua kali walipokwenda kutundika kwenye ghorofa moja jipya. Fundi alikuwa juu ya ngazi, kulabu zikapungua, na Mama Pazia akashuka kuzifuata garini.

Uwanja wa magari ulikuwa mtupu. Alipokuwa akipapasa mfukoni kutafuta ufunguo, akasikia, "Mama."

Akageuka, akidhani ni mtoto wa watu. Hapakuwa na mtu.

"Mama." Ilitoka nyuma ya bati. Chini, usawa wa kiuno chake. "Mama, nishuke?"

Alifungua mlango kwa mkono usiokuwa wake. Majora. Boksi la kulabu. Joto likamvamia usoni kama la tanuri. Hapakuwa na mtu. Lakini kioo cha mlango kilikuwa na ukungu kwa ndani, ukungu wa pumzi, na katikati yake palikuwa pamefutwa duara dogo, la kutosha jicho moja kuchungulia nje.

Alimweleza mumewe wakati wa kurudi. Fundi alipunguza mwendo mpaka wenye haraka wakaanza kuwapigia honi.

"Mimi sisikii maneno," alisema. "Nasikia kugonga. Tangu tulinunue. Nilijiambia ni ngazi."

"Ngazi tunaifunga juu ya paa."

"Najua."

Hawakwenda nyumbani. Walinyoosha hadi kwa yule muuzaji. Alipoliona gari langoni mwake hakushangaa. Alikaa tu kwenye kizingiti.

"Tulikuwa tunafua mashuka ya nyumba za wageni," alisema. "Mke wangu ndiye aliyekuwa akiyasambaza. Siku hiyo shule zimefungwa, akaondoka na binti yetu. Walipofika, akamwambia, nisubiri humu, usishuke mpaka nikwambie. Ilikuwa kazi ya kuingia na kutoka tu. Akaingia na furushi lake, kizunguzungu kikamshika, akaanguka. Wakamlaza. Alipozinduka, jua lilikuwa limeshafanya kazi yake."

"Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo?" Fundi aliuliza.

"Haukufungwa." Yule mtu alitazama mikono yake. "Ule mlango unafunguka kwa ndani. Unasukuma tu. Alikuwa mtoto msikivu."

 Ndani, kwenye chumba kilichokuwa wazi, mkewe alionekana amelala ubavu, ameelekea ukutani.

"Hata baada ya kumzika, akawa anamwuliza mama yake kila siku," aliendelea. "Na mama yake anamjibu, bado, mwanangu. Bado kidogo. Nikamsihi, mwambie ashuke, apumzike. Akaniambia, nikimwambia ashuke atakwenda wapi, mahali nisipomsikia? Ndiyo maana nikaliuza. Tangu liondoke hajalala. Yuko hivyo mnavyomwona, macho wazi."

"Lichukue," alisema Fundi. "Hata pesa usirudishe."

"Ndugu yangu, silichukui hata kwa dawa."

Fundi akaapa kwamba gari litakwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Spana angezungumza nao. Lakini watu hao walikuwa na foleni yao, na gari likakaa uani likiwasubiri, chini ya kivuli cha ukuta, mbele ya dirisha la cherehani.

Mama Pazia alishona. Alikaza macho kwenye pindo, akakanyaga pedeli kwa nguvu ili mlio uzibe masikio. Uzi ukakatika. Cherehani ikanyamaza.

"Mama, nishuke?"

Alitazama mlango wa uani. Fundi hakuwepo. Neno lilikuwa limekaa kinywani mwake miaka, halina wa kupewa.

"Bado, mwanangu," alisema.

Na akasikia, waziwazi, mtoto akishusha pumzi ya kuridhika.

Kuanzia hapo hakuwa mtu wa mezani tena. Chai ilipoa. Wateja walipiga simu zikaita mpaka zikachoka. Fundi alimkuta akiongea dirishani, akamkuta tena ameegemea bati la gari, shavu limebanwa, akitabasamu. Pazia moja la rangi ya maziwa likatoka garini na alama za viganja vidogo vya jasho. Fundi alitaka kulifua. Mkewe akamnyang'anya.

"Mke wangu, yule si wetu."

"Na wetu yuko wapi?"



Mchana mmoja Fundi alikwenda mwenyewe kuwahimiza watu wa chuma chakavu. Alirudi jua likiwa utosini. Taa ya cherehani ilikuwa inawaka. Kiti kilikuwa kitupu. Viatu vya mkewe vilikuwa mlangoni, vimepangwa vizuri, kama vya mtu aliyeingia kitandani.

Alitoka uani. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimekwisha. Gari lilikuwa juani lote. Milango imefungwa.

"Mama Pazia!"

Akavuta mlango wa nyuma. Ukakataa. Akavuta kwa mikono yote miwili, mguu kwenye bampa. Haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Ulikuwa umeshikwa. Bati lilimchoma viganja, na kwa ndani akasikia minong'ono. Sauti mbili.

"Mama, tushuke?"

"Bado, mwanangu." Ya pili ilikuwa ya mkewe. Ilikuwa nyembamba kama uzi. "Bado kidogo."

Fundi alipiga bati kwa ngumi. Akaita majirani. Mchana huo mtaa ulikuwa kama umehamwa. Akatafuta nyundo, hakuiona. Ndipo akapiga magoti mavumbini, akaweka mdomo kwenye ufa wa mlango.

"Mwanangu," alisema, neno ambalo hata yeye hakuwahi kulitumia. "Mwanangu, shuka."

Minong'ono ikakoma.

"Mama kasema bado."

Sauti hiyo sasa aliisikia. Ilikuwa karibu sana. Upande wa pili wa ufa, mdomo kwa mdomo.

"Mama amechoka. Amesahau kukwambia. Mimi ni baba wa nyumba hii, nami nakwambia. Umesubiri vizuri. Hujakosea kitu. Shuka sasa."

Mlango ukafunguka, polepole, kwa kusukumwa. Gari likayumba kidogo juu ya springi zake, kama mtu mwepesi ameruka chini. Kitu cha joto kikampita Fundi ubavuni, kikamgusa goti, kikaenda.

Mkewe alikuwa amejikunja juu ya majora, midomo imepasuka, mkono umelizunguka lile pazia la rangi ya maziwa. Alimbeba hadi bombani, akammwagia maji, akamwita jina lake la usichana. Alipofumbua macho, hakumtazama yeye. Alitazama mlango ulio wazi.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

Akalia. Kilio ambacho hakukitoa siku ile walipomzika mtoto wao, kilitoka siku hiyo chote. Alimpiga mumewe kifuani kwa ngumi zisizo na nguvu, na Fundi akamwacha ampige, naye machozi yakimtiririka ndani ya ndevu.

Kesho yake muuzaji alikuja kwa miguu. Alisimama langoni, hakuingia.

"Mmemwambia ashuke," alisema. Halikuwa swali. "Jana mchana mke wangu alifumba macho. Nikafurahi, jamani. Nikafunga mlango taratibu, nikawazuia hata wapita njia wasipige kelele. Nilidhani ni usingizi."

Walikwenda msibani kwa gari la kukodi. Spana alikuwa ameshakuja na mnyororo akalivuta lile la mtumba. Njiani Fundi alisema, bila furaha, kwamba basi watachukua lile jipya, mkopo wataulipa watakavyoweza. "Chukua unachotaka," alijibu mkewe, akaendelea kutazama nje.

Wanawake waliomwandaa marehemu walikuwa wakinong'onezana kwamba mkono wake wa kushoto ulikataa kunyooka. Ulibaki umekunjwa, umeachia nafasi, kama ambao kichwa cha mtu kimeulalia. Nyuma ya nyumba, godoro lake lilikuwa limeanikwa. Mashuka yaliyofuliwa nalo yalikuwa yamekauka zamani, makavu ya kukwaruza. Lakini upande mmoja wa godoro, ule wa ukutani, palikuwa na unyevu wa urefu wa mtoto.

"Limeanikwa tangu alfajiri," alisema muuzaji. "Hapo hapakauki."

Mama Pazia alipiga magoti, akaweka kiganja. Palikuwa na joto. Si joto la jua, bali lile la mahali mtu anapoamka. Aliinamisha uso. Palinuka jasho la mtoto aliyelala usingizi mzito.

"Kuna nini?" Fundi aliuliza kwa mbali. Hakuthubutu kusogea.

Aliinuka, akaliangalia jua, akahama hatua chache, akasimama mahali ambapo kivuli chake kiliangukia pale penye unyevu na kupafunika pote. Watu walikuja, wakamwita chakulani, wakamwita mazikoni. Hakuondoka hapo mpaka jua lilipotua.